Anayesikia Sauti na Kunywa Ulanzi ni Mgonjwa Mmoja

Barua ya wazi kwa Waganga Wakuu wa Mikoa na wa Halmashauri

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi, simwandikii Waziri, kwa sababu ninachoomba hakihitaji sheria mpya wala kikao cha Bunge. Ninyi ndio mnaopanga siku za kliniki. Ninyi ndio mnaoamua muuguzi yupi akae chumba kipi, na saini zenu ndizo zinazopeleka maombi ya dawa Bohari ya Dawa. Ombi langu liko hapo hapo: mgonjwa wa skizofrenia ambaye pia ameshikwa na pombe atibiwe magonjwa yake yote mawili na watu wale wale, chumba kile kile, siku ile ile.

Mimi ni dada wa mgonjwa wa aina hiyo, hapa Iringa. Ninamsindikiza mdogo wangu kliniki na kadi yake naitunza mimi. Lakini siandiki kwa ajili yake peke yake. Foleni ya kliniki ya akili ikiwa ndefu watu huanza kusimuliana, na kwenye benchi lile nimesikia habari ile ile kutoka kwa mama wa Kilolo, kwa baba aliyetoka Mafinga, kwa dada mmoja aliyemleta mume wake akiwa amemshika mkono kama mtoto. Hospitali inawaambia: kwanza aache pombe, ndipo tuone habari ya akili. Nyumba za kuachia ulevi, hizi tunazoziita soba, zinawaambia: kwanza akili itulie, ndipo tumpokee. Kila upande una hoja yake, na kila upande unangoja mwenzake aanze. Mgonjwa anarudishwa nyumbani, na njia ya nyumbani inapita kilabuni.

Msidhani hawa ni wachache watukutu. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, skizofrenia inampata takribani mtu 1 kati ya 300. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1990 ulikuta kwamba kati ya kila watu 100 wenye skizofrenia, wapatao 34 walishawahi kufika hatua ya pombe kuwa ugonjwa. Kwa watu wote kwa ujumla walikuwa 13 au 14. Tafiti za nchi nyingi zilizokusanywa baadaye zimetoa kiwango cha chini zaidi, kama mmoja kati ya wanne au watano. Haya, chukueni hicho cha chini. Kwenye benchi la watu ishirini hao ni wanne au watano, na mimi ninayelijua benchi hilo naona wamehesabiwa kwa upole.

Tukifika mbele ya meza tunaulizwa: kwa nini mnamwachia anywe? Nami nauliza, mngependa aende wapi? Ugonjwa huu hauishii kwenye sauti. Unamnyang'anya mtu hamu ya kufanya jambo, raha ya kukaa na watu, hata nguvu ya kuanza mazungumzo, na vidonge vyetu vingi vinatuliza sauti lakini havirudishi hayo. Ongezeni adha ya dawa zenyewe: haloperidoli inaweza kumfanya mtu ashindwe kutuliza miguu yake usiku kucha, na Artane ikikosekana dirishani shingo na taya vinakaza. Mdogo wangu anasema ulanzi, pombe yetu ya mianzi, unamlegeza. Wataalamu wenu wanabishana bado: wapo wanaosema mgonjwa anajitibu kwa pombe, wapo wanaosema ugonjwa wenyewe umevuruga njia za raha ndani ya ubongo kiasi kwamba pombe inamvuta kuliko inavyowavuta wengine. Mimi ninachokijua ni kilabu chenyewe. Kuna benchi, kuna redio, kuna ndoo ya plastiki na kopo linalopita mkono kwa mkono. Kanisani wanamwombea kwa sauti kubwa huku yeye amesimama mbele yao. Kwenye harusi anawekwa karibu na mlango. Kilabuni anasalimiwa "kamwene", anaitwa jina lake, na kopo likifika zamu yake anapewa bila kuulizwa amekunywa dawa au hapana. Kliniki inayotaka kushindana na mahali pa namna hiyo haiwezi kushindana kwa karipio.

Halafu kuna suala la msimu, ambalo sijaliona kwenye bango lolote la afya. Ulanzi unagemwa kifuku, mvua zikinyesha na mianzi ikiwa michanga. Asubuhi ni mtamu, jioni umechachuka, na wakati huo bei yake inamruhusu hata asiye na kazi. Ndipo wagonjwa wanapoanza kukosa tarehe za kliniki, na wiki chache baadaye ndipo wanapoletwa wamefungwa kamba. Kilimanjaro watakuwa na kalenda yao ya mbege, Kagera ya rubisi, na penye gongo hakuna msimu. Ningekuwa na cheo chenu, ufuatiliaji wa wagonjwa hawa Iringa ningeupanga kwa mianzi, robo za mwaka wa bajeti zingekuja baadaye.

Sasa niseme habari ya sentensi moja ambayo watumishi wenu wanaisema kwa nia njema kabisa: "Usichanganye pombe na dawa." Jueni inavyosikika nyumbani. Mgonjwa akinywa, hamezi. Akiwa amekunywa jana anaogopa kwamba bado imo mwilini, na hamezi. Mama naye akimwona amerudi anayumba anaficha vidonge, maana sista alikataza. Kwa mtu anayekunywa mara moja kwa mwezi sentensi hiyo haina madhara makubwa. Kwa anayekunywa karibu kila siku, maana yake ni kwamba ameachishwa matibabu na hospitali yenyewe. Ni kweli kuna dawa ambazo pamoja na pombe zinaweza kumlaza mtu mpaka pumzi ipungue: diazepamu, fenobabitoni, hata Largactil kwa kipimo kikubwa. Kwa sababu hiyo hiyo tunamhitaji mtu wa kutuambia, kwa dawa hizi hizi zilizoandikwa kwenye kadi hii hii, ipi iendelee hata akiwa amekunywa na ipi isubiri. Jambo hilo haliwezi kuachiwa mama na tochi ya simu usiku. Na kuna sindano. Modecate ikichomwa hukaa kwenye msuli ikifanya kazi wiki mbili hadi nne, na wala haingoji mgonjwa akumbuke. Kwa wagonjwa wa namna hii sindano hiyo ndiyo ingepaswa kuwa ya mwisho kukosekana. Sisi tunaoambiwa tukanunue nje tunajua kwamba mara nyingi ni ya kwanza.

Jambo la pili ni zito zaidi, kwa sababu linaua.

Mjomba wetu, mtu mwenye nia njema na mkono mzito, aliamua siku moja kulimaliza jambo hili. Alimfungia mdogo wangu chumba cha uani, maji na ugali vikipitishwa dirishani. Usiku wa kwanza alitetemeka tukadhani ni baridi. Kesho yake alianguka kama mwenye kifafa. Kisha akaanza kuokota kwenye blanketi wadudu ambao sisi hatukuwaona, jasho linamtiririka, hajui ni mchana au usiku, ananiita kwa jina la bibi yetu aliyekwisha kufa. Tulipomfikisha hospitali, kadi yake ya akili ilionekana kabla yake. Ikaandikwa kwamba ugonjwa umerudi, akachomwa Largactil, akafungwa kitandani.

Ninyi mnajua nilichokuja kukijua baadaye. Skizofrenia yake ni ya kusikia. Haijawahi kumletea wadudu. Kutetemeka, jasho, kifafa cha ghafla kwa mtu mzima, kuona vitu, kupotewa na mahali na wakati, yote hayo ni mwili uliozoea pombe ambao umekatiwa ghafla. Kifafa hicho huja zaidi ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka huanza kati ya siku ya pili na ya nne. Dawa yake ya kwanza ni diazepamu, pamoja na vitamini B1, yaani thiamini, ili ubongo usidhurike moja kwa moja. Largactil inaweza hata kurahisisha kifafa kingine. Asipotibiwa, mtu anaweza kufa, na kwenye cheti kitaandikwa kitu kingine.

Mdogo wangu alinusurika kwa sababu ya daktari wa zamu ya usiku, kijana tu, aliyekuja na kuuliza: mara ya mwisho alikunywa lini? Tukamwambia. Akabadilisha dawa pale pale. Swali lile halikuagizwa Bohari ya Dawa.

Kwa hiyo naomba liwe swali la lazima, kwa kila mgonjwa wa akili, kila hudhurio, na jibu lake liandikwe kwenye kadi. Lipo dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT, lenye maswali 10, na Kiswahili chake kimekwisha kupimwa kwa wagonjwa wa hospitali ya KCMC, Moshi. Linafaa. Lakini mfundisheni anayeuliza aache kuuliza "unatumia kilevi?" kwa sura ya hakimu. Kwanza, mtu atakataa. Pili, kuna watu wengi ambao kwao pombe ni bia na konyagi, ulanzi ni kinywaji tu. Kipimo cha "chupa moja" nacho hakisemi kitu kwa mtu anayekunywa kwenye kopo linalozunguka watu sita. Mwulizeni anakunywa nini, wapi, makopo mangapi mpaka aondoke, na nani analipa. Hilo la mwisho litawaambia mengi kuhusu pesa za vibarua vyake na kuhusu watu wanaomtumia.

Mtasema nchi haina uwezo wa huduma mbili kwa pamoja. Naomba niwakumbushe Muhimbili, Februari 2011. Pale ilifunguliwa kliniki ya methadoni kwa waliotekwa na heroini, ikawa ya kwanza ya umma Tanzania Bara, na baadaye huduma hiyo ikaenda hospitali nyingine na mikoa mingine. Mtu alikuja kila siku, akanywa dozi yake mbele ya mhudumu, na papo hapo aliweza kupimwa VVU na kifua kikuu na kuonana na mtu wa ustawi wa jamii. Hawakumwambia aache kwanza heroini ndipo wamtibu. Walimpokea akiwa nayo. Kwa heroini tunayo hata mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, iliyotokana na sheria ya 2015. Pombe haimo kwenye sheria ile, kwa kuwa ni halali na inalipa kodi, na nadhani uhalali huo ndio unaotufanya tumwone mlevi kuwa mtu wa tabia mbaya wakati mtumiaji wa heroini tumekwisha kubali kumwita mgonjwa. Serikali ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali tarehe 1 Machi 2017 tulishangilia sisi wenye wagonjwa, na nilishangilia kwa haki. Lakini ulanzi haukuwahi kuuzwa kwenye kiroba.

Kuhusu soba sitasema mengi. Zipo zinazofanya kazi nzuri na zipo ambazo ni geti na fimbo. Ninachowaomba ni kuzikagua kwa jambo moja: je, mgonjwa akifika na dawa zake za akili ananyang'anywa? Nimekutana na familia zilizoambiwa getini kwamba "hapa hatutaki dawa za aina yoyote". Eti kumeza haloperidoli ni ulevi mwingine. Hata Alcoholics Anonymous, chama cha walevi walioacha ambacho mbinu zake soba nyingi zimeziiga, kina kijitabu chake kinachoonya kwamba mwanachama asijifanye daktari wa mwenzake. Na huko New York mwaka 1989 vilianzishwa vikundi viitwavyo Double Trouble in Recovery, vya watu wenye magonjwa yote mawili, ambako kumeza dawa ni sehemu ya kuwa sawa. Kikundi kama hicho tungeweza kukianzisha kesho asubuhi. Benchi lipo, na watu wameshakaa.

Mahali ambapo hospitali imekaa kimya, nguzo za umeme zimesema. Mmeyaona matangazo: dawa ya kuacha pombe, mtilie kwenye chakula bila yeye kujua, na namba ya simu. Kinachouzwa hakina jina. Kumwekea mtu anayeamini kwamba watu wanamtilia sumu kitu kwenye mboga yake, kisha akagundua, ni kuharibu kwa siku moja imani iliyojengwa kwa miaka. Hata disulfiramu, ambayo ni dawa ya kweli ya hospitali, inahitaji tahadhari kubwa kwa mwenye skizofrenia kwa kuwa inaweza kuichochea saikosisi. Dawa zilizo salama zaidi kwao zipo. Naltreksoni na akamproseti ziliingizwa mwaka 2023 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa wa pombe, na naltreksoni imekwisha kujaribiwa kwa wagonjwa wa skizofrenia ikawapunguzia unywaji. Kwa wale ambao sauti hazikubali dawa za kawaida kuna klozapini. Wanaoitumia wameonekana kunywa kidogo zaidi kuliko wanaotumia dawa nyingine, ingawa inadai damu ipimwe kila wiki miezi ya mwanzo kwa kuwa inaweza kuangusha chembe nyeupe. Kipimo hicho ni FBP, ile ile inayofanyika kila asubuhi kwenye maabara za hospitali zenu za mikoa.

Sitawaahidi miujiza. Mapitio ya Cochrane ya 2019, yaliyokusanya majaribio mengi ya ushauri na huduma kwa watu wenye magonjwa haya mawili, hayakukuta mbinu moja iliyozishinda nyingine waziwazi. Mpinzani wa barua hii aanzie hapo, ana haki. Lakini msomaji huyo asome pia kazi ya Robert Drake na wenzake huko New Hampshire, waliowafuatilia wagonjwa wa aina hii kwa miaka kumi. Zaidi ya nusu walifika mahali pa kuidhibiti pombe au dawa za kulevya. Hawakufika kwa mwaka mmoja. Walirudi nyuma, wakaanza tena, na huduma ilikuwa bado inawasubiri. Kwangu mimi hoja ya huduma ya pamoja iko kwenye subira hiyo: mtu asiyeweza kupanga siku yake hatafika milango miwili yenye masharti yanayopingana, na akifika mmoja akafukuzwa kwa harufu ya mdomo, mtamwona tena akiwa kwenye kamba. Mgonjwa aliyelewa akija kliniki, amekuja. Mchomeni sindano yake, mpimeni, mwambieni tarehe nyingine. Akipunguza kutoka kila siku hadi siku za gulio, iandikeni kama nafuu, maana kwa sisi tunaolala naye nyumba moja ni nafuu.

Najua jibu linalofuata: hatuna daktari bingwa wa akili. Wilaya nyingi hazinaye. Lakini mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani uliotoka 2010 uliandikwa makusudi kwa ajili ya wasio mabingwa, yaani afisa tabibu na muuguzi wa kituo cha afya, na ndani yake kuna sura ya saikosisi na sura ya pombe. Waliouandika hawakuona haja ya vitabu viwili. Afisa tabibu anayejua kusoma sura moja anajua kusoma na nyingine.

Basi naomba hivi. Kila mkoa uchague hospitali moja, tena isiwe ile yenye wafadhili. Siku ya kliniki ya akili, muuguzi mmoja apewe kazi ya swali la pombe na kadi iwe moja. Modecate, diazepamu na thiamini ziwekewe akiba maalumu, na kwetu Nyanda za Juu akiba hiyo iongezwe kabla ya kifuku. Wodi ya dharura ibandikiwe ukutani, kwa herufi kubwa, kwamba mwenye kadi ya akili anayetetemeka na kutoka jasho aulizwe amekunywa lini mara ya mwisho. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii awe na majina ya waliokosa sindano, awafuate hadi kilabuni ikibidi, na asiende na mgambo. Baada ya miezi sita hesabuni ni wangapi waliulizwa, wangapi walichomwa kwa tarehe, na wangapi waliletwa wamefungwa.

Hesabu hizo zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kliniki, pale mnapobandika ratiba. Tunausoma ubao ule wote, mpaka matangazo ya zabuni. Foleni ni ndefu.

Wenu,

Dada wa mgonjwa
Iringa